Nani Anayasoma Maombi Yako ya Kazi?



Mapema mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ilitangaza nafasi za kazi 1,596. Walioomba walizidi 135,000. Hesabu hiyo ilijadiliwa sana vijiweni na kwenye daladala. Wapo waliovilaumu vyuo, wapo walioilaumu serikali, na hawakukosekana wazee waliosema vijana wa siku hizi wanapenda kiyoyozi. Sikumsikia mtu akiuliza swali lililonijia mimi kwanza, pengine kwa sababu ndilo linaloniweka mjini: maombi yote hayo, nani anayasoma?

Mimi nalipwa kusoma maombi ya kazi. Si ya serikalini. Huko kuna Sekretarieti ya Ajira na taratibu zake. Niko kwenye ofisi ya wakala binafsi hapa Dar es Salaam. Kampuni ikitaka mhasibu, meneja wa ghala au mtu wa mauzo wa Kanda ya Ziwa, inatukabidhi sisi kumtafuta. Tunatangaza, tunapokea, tunachambua, tunasaili, kisha tunapeleka majina matatu au manne. Mwajiri akimchukua mmoja wao anatulipa: wengine hutoa kiasi cha mshahara wa mwezi mmoja wa aliyeajiriwa, wengine asilimia ya mshahara wake wa mwaka. Kwenye kadi yangu pameandikwa "mshauri wa ajira". Mtaani kwetu Tabata wananiita dalali wa watu, nami naitika.

Shahada yangu ni ya historia na Kiswahili, isiyo na ualimu. Mnajua maana yake. Mwenye shahada ya ualimu akikosa ajira huhurumiwa. Sisi wa insia tupu huulizwa tulikuwa tunasoma ili iweje. Tena anayeuliza hutaka jibu pale pale, kwenye sherehe ya mahafali, sahani ya pilau mkononi. Leo nataka kulijibu swali hilo kwa upande wa kazi hii yangu peke yake, kwa sababu wahitimu wa insia wanaingia humu wengi, na sababu wanayopewa ya kuingia naiona ya uongo.

Sababu yenyewe ni hii: "Wewe umesoma fasihi, unajua kuongea, utafaa kwenye mambo ya watu." Kujua kuongea! Dar es Salaam nzima inajua kuongea. Kazi hii ingekuwa ya maneno, tungewachukua wapiga debe wa Mbezi, na wangetushinda kabla ya saa nne asubuhi. Kinachomfaa mhitimu wa insia humu ni kitu ambacho hata vyuo vyenyewe havikitangazi: miaka mitatu ya kusoma maandishi ya watu wengine kwa kuyatilia shaka, bila kuwadharau walioyaandika.

Chukua CV ya kawaida. Kurasa nne. Inaanza na jina, tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa, pengine na dini. Halafu linakuja lengo la maisha: mtu anatafuta kazi yenye changamoto, katika taasisi inayokua, ili atoe mchango wake. Sentensi hiyo, kwa Kiingereza kile kile, nimeikuta kwa mhasibu, kwa dereva, kwa nesi, na kwa bwana aliyekuwa anaomba ulinzi wa usiku. Si yao. Ni ya steshenari. Karibu na kila kituo cha daladala pana kibanda chenye kompyuta na mashine ya fotokopi, na ndani ya kompyuta ile mna CV moja mama ambayo kila mteja hubadilishiwa jina, shule na namba ya simu. Nimewahi kuwa na maombi mawili mezani ya watu wasiojuana kabisa, mmoja wa Mbagala na mmoja wa Kimara, wote wakiwa na mdhamini yule yule, mchungaji wa Morogoro. Kijana wa kompyuta alisahau kumfuta.

Asiyezoea atayatupa yote mawili. Aliyefundishwa historia ameambiwa kabla hajaliamini andiko au kulikataa, ajue nani kaliandika, kaliandika kwa ajili ya nani, na limenyamaza wapi. CV ya steshenari inanithibitishia jambo moja tu, kwamba mwenye nayo hana kompyuta nyumbani. Mengine yote bado.

Na kwenye kunyamaza ndiko kwenye mali. Mtu kaandika 2016 hadi 2019 alikuwa kampuni fulani, kisha 2021 hadi 2023 kampuni nyingine. Katikati hapana neno. Waajiri wengi wakiona pengo la namna hiyo wanadhani mtu alifukuzwa, au alikuwa ndani. Kuna mama mmoja aliomba nafasi ya ofisa ununuzi, naye alikuwa na pengo lake. Nilipompigia alisita, kisha akasema alirudi nyumbani Same kumuuguza mama yake.

"Sikuandika, dada, kwa sababu haikuwa kazi."

Nikamwomba anisimulie siku zilikuwa zinakwendaje. Kumbe michango ya ukoo mzima ilikuwa inapitia mikononi mwake. Anapokea, anaandika kwenye daftari, ananunua dawa, anabishana bei na wenye maduka, anakodi gari la kwenda hospitali, na kila mwisho wa mwezi anawasomea ndugu zake hesabu kwenye kundi la WhatsApp, ndugu ambao baadhi yao walikuwa wanamtafutia kosa kwa tochi. Sasa mtu aliyesimamia fedha za ukoo wenye maneno akamaliza bila deni, mzabuni gani atamsumbua? Ripoti yake niliiandika mwenyewe, na pengo nikaliweka kwenye aya ya kwanza.

Njia hii ina wenyewe. Jan Vansina, Mbelgiji aliyefanya utafiti Kongo, Rwanda na Burundi, alitoa mwaka 1961 kitabu kilichowaonyesha wanahistoria jinsi ya kuyapima masimulizi ya mdomo mpaka yakubalike kuwa ushahidi. Hapa kwetu Isaria Kimambo alipanda milima ya Upare kuwahoji wazee, na mwaka 1969 kikatoka kitabu chake cha historia ya kisiasa ya Wapare. Enzi hizo walikuwapo wasomi, tena wenye majina, waliosema watu wasioandika hawana historia. Watu kama Vansina na Kimambo waliwajibu kwa kuhoji kwa utaratibu. Huyu mzee aliliona jambo hili au aliambiwa? Aliyemwambia alikuwa na maslahi gani? Na ukoo wa ng'ambo ya mto, usiopatana na huu, unalisimuliaje?

Yapeleke maswali hayo chumba cha usaili, yanaingia bila kupunguzwa. Meneja anasema chini yake mauzo yalipanda. Yalipandishwa na yeye, au ndio mwaka ambao mshindani wake alifunga? Alijuaje kwamba yamepanda: aliona vitabu, au bosi alisema kwenye sherehe ya Krismasi? Na yule aliyekuwa chini yake, tukimpata, atasemaje?

Hapa niseme jambo linaloniudhi. Usaili wa kampuni binafsi nchini hufanywa kwa Kiingereza hata pale ambapo kazi yenyewe, kuanzia asubuhi hadi mlango unapofungwa, itafanywa kwa Kiswahili. Tulikuwa tunamtafuta meneja wa ghala, ghala lenyewe liko Barabara ya Nyerere. Akaingia bwana mmoja wa makamo, koti la suti limempwaya mabegani, bahasha ya kaki mkononi. Mezani tulikuwa watatu, mimi na wawili wa kampuni. Akaulizwa kwa Kiingereza aeleze changamoto aliyokutana nayo kazini na namna alivyoitatua. Akajibu kwamba changamoto zilikuwepo na alizitatua. Basi. Mmoja wa wenyeji wangu akaanza kuchora maua pembezoni mwa fomu.

Nikaomba niulize kwa Kiswahili. "Kaka, pale ulipokuwa, mzigo uliwahi kupotea?"

Akacheka kwa mara ya kwanza. "Mzigo haupotei, dada. Mzigo unatembea."

Akasogeza kiti. Lilikuwa ghala la mafuta ya kula. Makatoni yanapangwa kwenye paleti, tabaka juu ya tabaka. Anayehesabu hasimami kuhesabu katoni moja moja. Anahesabu upande huu, anahesabu upande ule, anazidisha, kisha anazidisha tena kwa idadi ya tabaka. Makuli walilijua hilo kuliko yeye. Wakawa wanazijenga paleti zikiwa na tundu katikati: kwa nje ukuta umekamilika, ndani mna shimo. Yale makatoni ya katikati yanatoka na lori la siku hiyo, tingo akijua yatashukia wapi. Kwenye karatasi kila kitu kinasoma sawa, kila Jumamosi. Mwisho wa robo mwaka mzigo unapungua na hakuna anayejua umepungulia wapi.

"Ukagundua vipi?"

"Nilipanda ngazi. Nilikwenda kubadilisha taa iliyoungua, nikatazama chini."

Kisha akatueleza alichofanya, na hapo ndipo nilipoacha kuandika nikawa nasikiliza tu. Hakumfukuza mtu siku ile. Aliagiza hesabu ifanywe kutoka juu. Akawatenganisha wanaopanga na wanaohesabu, na kila wiki akabadilisha zamu bila kutoa taarifa. Akamwomba mwenye mali asiseme chochote kwa mwezi mmoja, ili aone ni lori lipi litaanza kuchelewa kuondoka. Yule mchora maua alikuwa ameweka kalamu chini. Akauliza swali la pili, la tatu, yote kwa Kiswahili, na mengine kwa Kiswahili cha Kariakoo.

Sisemi Kiingereza hakina kazi. Mkaguzi wa hesabu anayepeleka ripoti makao makuu Mumbai au Johannesburg asipokijua atateseka yeye na atamtesa mwajiri. Kipimwe basi pale kinapohitajika, na kipimwe peke yake, mtu apewe barua aandike. Kukitumia kama mlango wa kila chumba ni kuwachagua waliosomeshwa shule za ada, halafu kusema tumechagua uwezo. Na mhitimu wa Kiswahili akiwa ndani ya chumba hicho akakaa kimya, simwelewi.

Twende mbele. Kutilia shaka kuna upande wake usiopendeza. Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa mjini Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na ndani yake walikuwamo watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Watu waliokuwa makazini, wengine kwa miaka. Tangu hapo hakuna mwajiri anayeniambia nisijisumbue na vyeti. Cheti cha sekondari tunakiulizia Baraza la Mitihani, cha chuo tunakiulizia chuoni. Kuulizia huko hakuhitaji shahada, kunahitaji subira ya kufuatilia majibu.

Wadhamini ndio wanaohitaji sikio. Hakuna anayemwandika adui yake kuwa mdhamini, kwa hiyo ukipiga simu utasikia sifa, na sifa zenyewe ndizo za kupimwa. Nikiuliza kuhusu mhasibu nikaambiwa, "Aa, yule ni kijana mtulivu, mcha Mungu, hana makuu," nasubiri. Nasubiri nisikie hesabu zake zilikuwaje. Mdhamini akizidi kunisifia ibada, najua kuna jambo analizunguka. Tulikaa muhula mzima chuoni tukichambua wahusika wa tamthilia kwa yale wanayokwepa kuyasema. Nani angedhani siku moja nitakula kwa hilo?

Na hadi hapa nimemsema mwombaji tu, kana kwamba mwajiri ni malaika. Simu ya mwajiri nayo ni andiko. "Dada, nitafutie msichana mchangamfu, asizidi miaka 28, asiwe na mtoto mdogo. Na kabila fulani usiniletee, walishanitenda." Sauti ya upole kabisa, kama mtu anayeagiza chipsi mayai. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza kubagua watu kazini kwa kabila, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, umri na mambo mengine kadhaa. Wengi hawajui kwamba kifungu hicho hicho kinamhesabu wakala wa ajira pamoja na mwajiri, na mwombaji kazi pamoja na mwajiriwa. Maana yake, orodha ile nikiipokea nikaifanyia kazi, nimebagua mimi.

Kumsomea mteja kifungu kwenye simu ni kumkimbiza. Ninachofanya ni kumuuliza kazi yenyewe ikoje. Huyo mchangamfu atakuwa anafanya nini saa tano asubuhi? Anapokea wateja. Wateja gani? Wenye malalamiko ya bili. Kumbe tunamtafuta mtu asiyepandwa na hasira akitukanwa, na huyo anaweza kuwa mama wa watoto wanne mwenye miaka 45. Tena waliolea ndio wenye uzoefu huo. Tunaandika tangazo upya pamoja, na vile vigezo vya kwanza vinakufa bila mtu kuaibika. Wapo wanaokataa. Hao wanatafuta wakala mwingine, na nadhani wanampata.

Historia haikuniacha salama humu, lazima niseme. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge Tanganyika walianzisha ofisi yao ya kutafuta vibarua, iliyojulikana kwa kifupi SILABU. Watu wake walikwenda hadi Kigoma, Njombe na Songea kuwachukua wanaume kwa mkataba, wakawasafirisha hadi mashambani Tanga na kwingineko. Hao ndio wazee wetu manamba, na kadi yao ya siku 30 za kazi ndicho kile kipande. Kabla ya ofisi hiyo walikuwapo mawakala binafsi waliolipwa kwa kichwa. Mwaka ule ule wa 1944, Shirika la Kazi Duniani likikutana Philadelphia, lilitamka kwamba kazi ya binadamu si bidhaa. Niliyasoma yote mawili chuoni, katika kozi mbili tofauti, na sikuyaweka pamoja mpaka nilipoingia kazini na kugundua kwamba nami nalipwa kwa kichwa.

Tofauti ipo, na haiko kwenye kiyoyozi. Iko kwenye nani anatoa hela na nani anaambiwa nini. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 181 wa mwaka 1997 unasema wakala binafsi, kwa kanuni, hapaswi kumtoza mtafuta kazi ada wala gharama, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Kwa hiyo ukipigiwa simu kwamba umepata kazi, ila tuma kwanza elfu thelathini ya fomu, au ya vipimo vya afya, au ya "kumtoa bosi chai", huyo ni kishoka. Usimsikilize mpaka mwisho. Wadada waliopelekwa Oman na Emirates kufanya kazi za ndani wanayajua makali ya wakala asiyeeleza ukweli. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 ilieleza mateso ya Watanzania wengi huko, na ndiyo sababu mimi nikijitambulisha kwa jina la kazi yangu, kuna wazazi wanaoshika mkono wa binti yao.

Lakini hata wakala msafi ana jambo la kusema waziwazi, na wengi wetu hatulisemi: mwombaji, mimi si wakili wako. Ananilipa mwajiri. Nitakuheshimu, nitakusoma mpaka mstari wa mwisho, sitadanganya juu yako. Ila wewe na yeye mkivutana kuhusu mshahara, jua kamba nimeshika upande gani. Ukilijua hilo mapema tutaelewana vizuri zaidi.

Kuhusu maslahi, kwa mhitimu anayenisikiliza akiwa na macho ya tamaa. Mshahara wa kuanzia kwenye ofisi nyingi za aina hii ni mdogo, unaongezwa na kamisheni. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi, asilimia 15 ya mshahara inakatwa kabla hujaiona. Jumatatu asubuhi kuna kikao na swali lake ni moja, umeingiza watu wangapi. Hakuna atakayeuliza umesoma vizuri kiasi gani. Na uliyemwingiza akiondoka au akiachishwa ndani ya muda wa dhamana, mara nyingi miezi mitatu, unamtafuta mwingine bure. Nimeona vijana waliopata daraja la kwanza katika fasihi wakikimbia baada ya muda mfupi, kwa sababu hawakuambiwa kwamba nusu ya siku ni kuwapigia simu wakurugenzi wasiokujua ukiomba wakupe kazi ya kuwatafutia watu. Hiyo ni biashara, na kuna watu wa insia wanaoiona biashara kama uchafu. Hao wasije. Sisemi kwa ubaya.

Kompyuta nazo zimeingia. Siku hizi barua ya maombi inaandikwa na programu, inakuja na Kiingereza kilichonyooka kuliko changu, na mia zinafanana. Wenzangu wanalalamika, mimi naona steshenari imehamia kwenye simu, basi. Swali la "limenyamaza wapi" halijaguswa.

Kuna jambo lingine dogo, la makaratasi. Kuna karanga nimewahi kuuziwa zikiwa zimefungwa kwenye ukurasa wa pili wa CV ya mtu, na namba za simu za wadhamini wake zinasomeka. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi nchini. Mwenye ofisi anayenisikiliza, makaratasi ya waombaji yachanwe au yachomwe. Karanga zina magazeti yake.

Sasa nifike ninapotaka kufika. Nafasi moja ikivuta maombi mia mbili, anayepata ni mmoja. Ukiitazama kazi hii kwa hesabu, si kazi ya kuajiri, ni kazi ya kukataa watu. Mia na tisini na tisa, kila mara. Na hapo ndipo ofisi nyingi, kubwa kwa ndogo, zinaposhindwa, kwa kuandika kwenye tangazo kwamba watakaochaguliwa tu ndio watakaojulishwa. Mtu amelipa nauli kutoka Kibaha, ameazima viatu, ameacha kibarua siku hiyo, ametusimulia maisha yake dakika arobaini. Halafu kimya. Anabaki akiamini kulikuwa na kimemo, kwamba nafasi ilikuwa ya mtoto wa mjomba tangu mwanzo. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi amezidiwa kwa jambo moja linaloelezeka kwa mistari mitatu, na mistari hiyo ingemsaidia kwenye usaili unaofuata.

Kuiandika mistari hiyo ni kugumu kuliko inavyosikika. Waajiri wanaogopa kushtakiwa, kwa hiyo wanataka barua isiyosema kitu. Mwandishi naye anataka kupendwa, anamwaga pole na baraka mpaka sababu inazama. Yapo mambo ambayo huna ruhusa ya kuyasema, na yapo ambayo ukiyasema bila uangalifu utamvunja mtu. Lazima ujue ni neno gani linabeba uzito na ni lipi la kupamba. Miaka ile tuliyochezewa kwa kalamu nyekundu na wahadhiri, insha inarudi imechorwa kama kuku kachinjiwa juu yake, ilikuwa ikitufundisha hili, ingawa hakuna aliyejua.

Kwa hiyo wewe unayemaliza mwaka huu na shahada ya historia, fasihi, isimu au falsafa, ukiomba kazi ofisini kwetu hatutakuuliza changamoto uliyoitatua. Tutakupa maelezo ya nafasi moja, CV tano, na muhtasari wa usaili wa watu hao watano. Utaandika barua mbili. Ya kwanza ni kwa mwajiri, ukimweleza nani unampendekeza na kwa nini. Ya pili ni kwa yule aliyeshika nafasi ya pili, ukimweleza kwa nini hakupata, bila kumdanganya na bila kumtaja mwenzake. Barua ya pili ndiyo tunayoanza kuisoma. Unaweza kuiandika kwa Kiswahili. Muda ni saa moja na nusu, na simu tunazikusanya mlangoni.